Alama ya Nne

Jirani wa Mama Upeo, fundi cherehani anayeshona kwenye kibaraza kinachotazamana na mlango wake, alichukua miaka mingi kuielewa kazi ya mwenzake. Alipoielewa alicheka mpaka uzi ukamkatikia. "Yaani unapanda juu ya paa, unatazama, unashuka," alisema. "Na mwisho wa mwezi wanakupa mshahara." Mama Upeo alimjibu kwamba ndivyo, ila wapo watu wanaotazama wasione, na hao hawaajiriwi.

Hilo la mwisho halikuwa kweli kabisa.

Alikuwa mpimaji wa hali ya hewa katika uwanja mdogo wa ndege pembezoni mwa jiji kubwa. Uwanja huo hupokea ndege ndogo zinazobeba wagonjwa, vipuri na wakubwa wenye haraka. Kila saa ya zamu yake alitoka katika chumba chenye redio na viti viwili, akapanda ngazi ya chuma hadi juu ya paa la zege, akasimama kidogo macho yazoee mwanga, kisha akageuka polepole mpaka akamaliza duara. Alichokuwa akitafuta ni upeo, yaani umbali ambao jicho linafika kabla hewa haijalizuia. Jina lake la utani lilitoka huko, na hata marubani walilitumia redioni.

Upeo haupimwi kwa futi kamba. Unapimwa kwa alama. Kwenye ukuta wa kituo palichorwa duara, na pembezoni mwa duara vikaandikwa vitu vinne ambavyo umbali wake unajulikana. Alama ya kwanza ilikuwa tangi la maji la kiwanda cha sabuni, jirani kabisa. Ya pili, ghala refu la nafaka. Ya tatu, bomba la moshi la tanuri la matofali. Ya nne, mbali kuliko zote, ilikuwa kilima chenye kilele kilichopinda kama nundu ya ng'ombe. Ukiona ghala lakini huoni bomba, upeo wako umeishia ghalani. Ukiona kilima, unaandika kilima, unashuka kunywa chai.

Kituo kilikuwa na desturi moja iliyorithiwa na kila aliyefanya kazi pale. Anayemaliza zamu hamwambii anayeingia alichokiona. Anayeingia hupanda kwanza, peke yake, akashuka na jibu lake. Ukishamwambia mtu kwamba kilima kinaonekana, atakiona tu, hata kama kimemezwa na ukungu. "Mwenye macho haambiwi tazama," walikuwa wakikumbushana pale mlangoni, na mtu akifunua mdomo mapema alisutwa wiki nzima.

Mama Upeo alianza kazi hiyo akiwa msichana, na wakati huo alama ya nne ilikuwa ya kila asubuhi isipokuwa asubuhi za mvua. Aliizoea kama mtu anavyozoea uso wa ndugu: haukaguliwi, unatambuliwa. Siku aliyorudi kazini baada ya kumzika mumewe alipanda, akaiona, akaandika, akashuka. Hakuna aliyemwuliza chochote, naye alishukuru.

Kisha jiji likapanuka, na hewa ikabadilika. Kinachofupisha upeo si hewa yenyewe bali vilivyomo ndani yake: vumbi la barabara, moshi wa magari na wa majiko, moshi wa jalala linalowaka mwaka mzima, chembe ndogo mno kiasi kwamba hazina haraka ya kuanguka. Nuru ikigonga chembe, hutokea moja ya mambo mawili. Chembe za rangi ya kungugu, kama za vumbi, huitawanya nuru pande zote. Chembe nyeusi za masizi huimeza, na nuru iliyomezwa huishia kuwa joto. Kilima cha mbali kikipotea si lazima kiwe kimefunikwa na kitu. Hewa iliyopo kati ya mtazamaji na kilima imejaa nuru ya jua iliyotawanyika njiani, mpaka weusi wa kilima na weupe wa anga vinakuwa rangi moja. Asubuhi chembe hunywa unyevu, huvimba, na pazia huwa zito. Mchana hukauka, pazia likapungua. Jioni jua hupita katika tabaka nene la vumbi hilohilo, rangi ya samawati hutawanyika kwanza, na inayofika machoni ni nyekundu ambayo watu huisifia.

Kwa hiyo kilima kikawa cha mchana tu. Baadaye kikawa cha siku zinazofuata mvua. Ikaja miaka miwili ambayo mvua zilinyesha manyunyu ya kulowesha vumbi na kuondoka, na katika miaka hiyo Mama Upeo hakukiona hata mara moja. Aliandika alichokiona: bomba siku nzuri, ghala siku mbaya, tangi siku ambazo jalala lilikuwa likitoa moshi mweusi.

Mwenzake wa zamu aliandika tofauti. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na kauli tamu, aliyeitwa Bwana Safi kwa sababu ya neno alilolipenda kuliko yote. Ngazi hakuipenda. Alisimama mlangoni, akiona ghala limekaa sawasawa, alihesabu kwamba bomba lipo, na kama bomba lipo basi kilima nacho hakijaenda popote.

"Leo umepanda?" Mama Upeo alimwuliza siku moja.

"Nimepanda kwa moyo, mama. Magoti yamekataa."

"Na moyo umeona nini?"

"Desturi inanikataza kukwambia. Safi, lakini."

Wakaletewa mashine. Ilikuwa nguzo iliyosimikwa kando ya njia ya kurukia, juu yake mikono miwili iliyoinamiana kama watu wanaonong'onezana. Mkono mmoja hutupa mwali wa nuru, wa pili hukaa upande na kudaka nuru iliyotawanywa na chembe. Nuru ikitawanyika sana, mashine husema upeo ni mfupi. Haiumwi, haiendi msibani, haiombi likizo. Makao makuu yakatoa uamuzi: kwa kiangazi chote mashine na paa vitalinganishwa. Ikionekana kwamba macho yanaona jambo ambalo mashine hailioni, kiti kimoja cha mpimaji kitabaki, na kwa kuwa Mama Upeo alikuwa mkongwe kitakuwa chake. La sivyo, viti vyote viwili vitaondolewa.

Alikitaka kiti kile. Hakuwa amebakiza miaka mingi kufika umri wa kustaafu, na kustaafishwa kabla ya wakati kungempunguzia kiinua mgongo. Lakini hilo aliweza kulivumilia. Asilotaka ni kuambiwa kwamba umri wake wote juu ya paa ulikuwa kazi ya kigingi cha chuma.

Kiangazi kilianza vizuri kwake. Asubuhi ambazo moshi wa jalala ulikuwa umelala chini, yeye aliandika ghala, na mashine ikaandika mbali kupita bomba. Mchana wa siku tulivu, yeye aliandika bomba, na mashine ikaandika mbali hata kupita kilima. Mkuu wa kituo, kijana mpole aliyemheshimu kama mama yake mdogo, alimwita ofisini.

"Shikamoo mama. Usinielewe vibaya. Lini mara ya mwisho ulipima macho?"

"Marahaba. Unataka kusema nimekuwa kipofu."

"Nataka kusema nikiulizwa niwe na jibu."

Akaenda hospitali ya macho. Daktari alimsomesha herufi za ukutani, akamulika mboni, akaegemea kiti chake. "Ya mbali unaona kunishinda mimi," alimwambia. "Miwani yako ni ya kusomea tu. Nani kakwambia una tatizo?"

"Mashine."

Baada ya siku chache fundi wa mitambo alikuja kufuta vioo vya ile nguzo, na Mama Upeo akamfuata na kikombe cha chai. Alimwuliza kinagaubaga: moshi mweusi, mashine inauonaje?

Fundi alifikiri huku akikunja kitambaa. "Hii inadaka nuru iliyotawanyika, mama. Iliyomezwa haiijui. Masizi yakiwa mengi, inaweza kusema hewa ni nzuri kuliko ilivyo."

"Kwa hiyo kuna kitu macho yanaona na yenyewe haioni."

"Kipo."

"Utalisema hilo makao makuu?"

"Nikiulizwa," fundi alisema, akanywa chai yake.

Mama Upeo alirudi ndani akiwa na jibu la kila kitu. Asubuhi za moshi, tofauti kati yake na mashine ilikuwa masizi. Na zile siku tulivu za mchana, ambazo bomba lilikuwa wazi na kilima hakipo, aliona nayo ni masizi, membamba zaidi, ya mbali. Tofauti mbili zisizofanana alizitia kapu moja. Mkuu alipomwuliza kwa nini upande wa kilima tu, wakati Bwana Safi anakiona, alimjibu kwamba Bwana Safi haoni hata ngazi. Mkuu akacheka, akaanza kumwamini.

Kiangazi kilipokaribia kwisha mvua ilikuja kama iliyokuwa ikidaiwa, ikapiga usiku kucha, ikazima hata jalala. Asubuhi Mama Upeo alipanda ngazi iliyolowa akishika vyuma kwa mikono miwili. Akasubiri macho yatulie. Akageuka.

Tangi lilionekana mpaka kutu ya mishono yake. Kwenye ghala angeweza kuhesabu madirisha. Bomba la tanuri lilisimama wima, na ufa wake mrefu ambao alikuwa ameusahau. Na kule kilipopaswa kuwa kilima palikuwa na milima. Safu nzima, ya samawati, iliyochongoka, mbali sana, na asubuhi ile hewa ilikuwa safi kiasi cha kuonyesha mikunjo ya mabonde yake. Tangu aajiriwe hakuwahi kuiona.

Kwanza alidhani amegeuka vibaya. Akarudi kwenye tangi, akaanza upya: tangi, ghala, bomba, kisha upana wa kidole kidogo cha mkono ulionyooshwa, kuelekea kulia, kama alivyofundishwa. Milima. Ilikuwa imekaa nyuma ya kilima muda wote, na sasa hapakuwa na kitu mbele yake.

Alisimama pale mpaka redio ikaanza kumwita.

Nyumbani kwake, katika chumba cha uani, aliishi mdogo wake wa kiume, mjane kama yeye. Huyu alikuwa mwendeshaji wa mtambo wa kusaga kokoto katika machimbo ya nje ya jiji. Alirudi kila jioni na nyusi nyeupe na kikohozi, akala, akalala. Jioni ile Mama Upeo hakumwacha hata anawe.

"Machimbo yenu yako kwenye kilima gani?"

"Kilima gani tena, dada?"

"Kile chenye nundu."

Mdogo wake alimtazama kama anayengoja mwisho wa utani. "Nundu tuliimaliza mwaka juzi. Barabara ya mzunguko ilitaka mawe, tukaanzia juu. Sasa tunachimba kwenda chini. Pale pamebaki shimo, mvua ya leo imelijaza, kesho hatufanyi kazi."

"Na hukuniambia."

"Kukwambia nini? Kwamba mtu anayesaga mawe amesaga mawe?"

"Mimi nakitazama kile kilima kila siku."

"Ungekuwa unakitazama ungejua." Alianza kukohoa, akamaliza, akatabasamu. "Si ninyi mnaosema mwenye macho haambiwi tazama. Nikaona nitamwambiaje mtu anayelipwa kuona."

Kwa miaka miwili aliandika kwamba hewa imekificha kilima, na kilima kilikuwa kikiingia mlangoni kwake kila jioni kwenye nyusi za mdogo wake. Kosa lenyewe lilikuwa jepesi, na mtu wa kazi nyingine asingeweza kulifanya. Mpita njia angeuliza kilima kimeenda wapi. Yeye alikuwa amefundishwa kwamba alama haziondoki. Kinachobadilika ni hewa.

Kesho yake alipomweleza Bwana Safi, yule bwana alikaa. Miezi yote ile alikuwa ameandika kilima. Wiki iliyopita tu alikuwa amekiona mara tatu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "nani mwingine anajua?"

"Wewe, mimi na mdogo wangu."

"Basi tunyamaze. Mkuu hapandi kule. Hewa itachafuka tena wiki ijayo, milima itapotea, na wewe utaandika bomba kama kawaida. Kiti ni chako. Mimi nitaondoka zangu kwa heshima."

"Na alama ya nne?"

"Iache ukutani. Inamla nani?"

Bwana Safi hakuwa mtu mbaya, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Angenyamaza, huenda angebaki. Lakini safu ya asubuhi zake za moshi, zile alizoziamini, ilikuwa imeshonwa pamoja na ya siku tulivu, na alijua ni yeye aliyezishona. Akaona afadhali aichane mwenyewe, ili kilicho kweli kibaki. Hapo alikosea mara ya pili.

Mkuu alikuwa na fundi wa mitambo ofisini alipoingia.

"Alama ya nne haipo," Mama Upeo alisema.

"Haionekani, mama. Tunajua."

"Haipo, mkuu. Imechimbwa. Iko barabarani, magari yanapita juu yake."

Mkuu aligeuka kutazama duara la ukutani. Kilima kilikuwa kimechorwa vizuri, na nundu yake. "Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Bwana Safi amekiona wiki iliyopita."

Bwana Safi, aliyekuwa amesimama mlangoni mahali pake pa kawaida, alitazama viatu vyake. Mkuu alianza kucheka, akajizuia kwa adabu, akashindwa.

Uamuzi wa makao makuu haukukawia. Vipimo vyote vya Mama Upeo vya kiangazi kile viliwekwa kando, kwa kuwa vilitegemea alama isiyokuwepo. Vya Bwana Safi vilikubaliwa. Navyo vilitegemea alama hiyohiyo, na hata ngazi havikuipanda, lakini vililingana na mashine, na makosa yake, kwa maneno ya barua, hayakuathiri matokeo. Viti viwili viliondolewa. Bwana Safi alihamishiwa makao makuu, kwenye kitengo cha kusimamia mashine, ambacho kiko ghorofa ya chini.

Siku ya kukabidhi funguo, Mama Upeo alimwuliza mkuu swali moja mbele ya fundi.

"Na moshi wa jalala? Zile asubuhi niliandika ghala. Ghala si kilima. Ghala lipo, ukitaka twende ukaliguse."

Mkuu alimwonea huruma kwa dhati. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama yangu," alisema, "moshi wako ulikuwa kilima."

Mama Upeo alimtazama fundi. Fundi alikuwa akipanga vitambaa vyake kwenye mkoba. Hakuulizwa, na hakusema.

Sasa yuko nyumbani. Mvua zimekwisha, jalala limewaka tena, na asubuhi nyingine kutoka uani kwake huwezi kuona tangi la kiwanda cha sabuni ambalo liko mitaa michache tu. Juzi ndege ya wagonjwa ilizunguka juu ya nyumba mara kadhaa kabla ya kuthubutu kutua, na wanawake wa mtaa wakatoka kuitazama. Fundi cherehani aliuliza inatafuta nini.

"Uwanja," Mama Upeo alisema. "Wameambiwa unaonekana."

Mdogo wake alimletea zawadi kutoka machimboni, jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto, akaliweka kizingitini. "Nimekuletea kilichobaki. Usiseme tena sikukwambia." Analitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Ni jiwe zuri, la kijivu, na linafaa.

Jioni fundi cherehani huacha kushona na kupiga picha jua kwa simu, kwa sababu siku hizi linazama jekundu kama jiko. Huwa anamwonyesha jirani yake. Mama Upeo anatazama picha, anasema ni nzuri, anairudisha. Hajamweleza jua linapata wapi rangi ile.

Mdogo wake akifika, haruhusiwi kuingia kabla hajakung'uta nguo nje. Vumbi linatoka mabegani mwake, linaingia kwenye mwali wa jua unaopita kati ya nyumba, na kwa muda mwali wote unakuwa kitu cha kushikika, kilichosimama uani.

"Nishamaliza," anasema, na kukohoa. "Niingie?"

"Ngoja litue," dada yake anamwambia. Anasimama mlangoni, mguu juu ya jiwe, akilitazama vumbi. Halitui upesi.